Tatizo Si Pedi ya Jina Geni, Tatizo ni Pedi Yenye Jina la Wizi

Wadau, kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni. Juzi kati hapo alipiga picha sebuleni kwake, miguu juu ya meza ya kioo, mkononi kashika pedi nyeupe ya PS5. Chini ya picha akaandika kwamba mwanaume mzima kucheza gemu na pedi ya jina la ajabu ajabu hana tofauti na anayeenda kwa Mkapa na jezi aliyoichora kwa maka pen. Watu wakacheka, mioyo ikamiminika, staa akaenda kulala. Kwake stori iliishia pale.

Mitaani haikuishia pale. Maneno ya namna ile yana watu wanaoyasikia na kuyafanyia biashara. Muuzaji wa pedi akishajua kwamba mteja anaona aibu kushika pedi iliyoandikwa 8BitDo, GameSir au Hori, lakini yuko radhi kushika chochote ilimradi kina nembo ya PlayStation, kazi yake imekuwa nyepesi. Anampa nembo. Nembo ni wino tu, bwana. Kilichomo ndani ya plastiki hakuna anayekiuliza.

Na kwa kuwa staa kaanza na mambo ya jezi, twende na jezi hiyo hiyo. Fulana nyeupe ya kawaida uliyonunua mnadani haimdanganyi mtu. Inasema mimi ni fulana. Jezi feki ya Simba au Yanga inadanganya: inakula hela ya klabu, inakula hela ya mnunuzi, na ikifuliwa mara mbili namba inabanduka. Sasa kwenye pedi watu wamegeuza kibao. Wanaicheka fulana, wanaisifia jezi feki.

BANDA LA MAPINGA

Pale Mapinga, si mbali na barabara kuu ya kwenda Bagamoyo, kuna banda moja la gemu la mabati. TV mbili, PS4 mbili, mabenchi, na feni moja inayohamisha vumbi kutoka kona hii kwenda kona ile. Mechi moja jero. Jioni madogo wanajaa hadi mlangoni, anayefungwa anainuka, mwingine anakaa.

Mwenye banda si mtu mbaya. Aliuza bodaboda yake akafungua hiyo biashara, na mtaani anaheshimika. Alipotaka pedi mpya alimtafuta muuzaji mmoja wa mtandaoni, naye jina kapuni, ambaye kwenye kila posti anaandika kwa herufi kubwa: ORIJINO ASILIMIA 100, MZIGO WA DUBAI. Pedi nne, moja elfu thelathini na tano. Laki moja na arobaini ikatumwa kwa simu, mzigo ukaja na konda wa gari la Makumbusho na Bagamoyo. Boksi zinang'aa, maandishi yote yapo, hadi kibandiko cha nyuma kipo.

Wiki ya tatu pedi ya kwanza ikaanza kuvuta. Umeachia stiki, mikono juu, lakini beki wako anatembea mwenyewe kwenda pembeni kama kaitwa na mama yake. Wiki ya tano ikafuata ya pili. Mwenye banda akaona anahujumiwa. Akachukua karatasi, akaibandika ukutani: UKIHARIBU PEDI UNALIPA 10,000.

Wa kwanza kukutana na ile karatasi alikuwa dogo wa kidato cha pili. Alikuwa anacheza nusu fainali ya ligi ya mtaa, kiingilio elfu tatu kwa kichwa. Kipa wake akatoka golini bila kuambiwa, akafungwa goli la kijinga, akanyanyuka kulalamika.

"Kaka, hii pedi inavuta yenyewe, sijaigusa."

"Dogo, nani alikuwa ameishika?"

"Mimi, lakini..."

"Basi. Elfu kumi."

Dogo hakuwa nayo. Mama yake, muuza vitumbua, akaja mwenyewe. Mwenye banda akampa shikamoo nzuri kabisa, akampa na benchi la kukalia, halafu elfu kumi akaidai vile vile. Mama akatoa elfu nne. Iliyobaki dogo akailipa kwa kuteka maji na kufagia banda jioni za wiki nzima, huku wenzake wakicheza mbele yake.

Baada yake wakalipa wengine wawili. Pesa taslimu ikawa elfu ishirini na nne. Mwenye banda akaongezea kumi na moja, akaagiza pedi nyingine. Kwa muuzaji yule yule.

Tazameni huo mzunguko vizuri. Staa anacheka pedi za majina mageni, mtaa unaogopa kuchekwa, muuzaji anaweka nembo ya wizi, mwenye banda anapigwa, na wa mwisho kabisa anayelipa ni mama wa vitumbua. Na pesa yake inarudi pale pale ilipoanzia uongo.

KWA NINI PEDI INAVUTA

Kabla hajatozwa mtoto wa mtu elfu kumi, ingefaa mwenye banda ajue pedi inavutaje. Haihitaji chuo.

Chini ya kila stiki kuna vifaa viwili vidogo vinavyoitwa potenshiometa. Kimoja kinapima kushoto na kulia, kingine kinapima mbele na nyuma. Ndani yake kuna njia ya kaboni, na juu ya ile njia kuna kijichuma kinachosugua. Unaposogeza stiki, kijichuma kinasogea, umeme unabadilika, mashine inajua unataka kwenda wapi. Shida ni hilo neno kusugua. Kinachosugua kinalika. Kaboni ikilika au unga wake ukijaa, hata ukiachia stiki mashine inasoma kwamba bado unasukuma. Hapo ndipo beki anapoanza matembezi.

Hili si tatizo la feki peke yake. DualShock 4 halisi ya mwaka 2013, DualSense halisi ya PS5 ya mwaka 2020, na pedi ya kawaida ya Xbox, zote stiki zake zimejengwa kwa mtindo huo huo wa kusugua. Mwaka 2021 mafundi wa iFixit wa Marekani waliifungua DualSense, wakaangalia stiki iliyomo imepimwa kwa uhai wa mizunguko 2,000,000. Wakapiga hesabu kwa mtu anayecheza Call of Duty: Warzone, wakapata kwamba uhai huo unaweza kufikiwa ndani ya saa 417.

Sasa chukua saa 417 uzipeleke Mapinga. Banda linafunguliwa saa nne asubuhi, linafungwa saa nne usiku. Toa muda wa umeme kukatika na muda wa kubishana, weka saa kumi za kuchezwa kwa siku. 417 gawa kwa kumi. Siku 42 hivi. Mwezi na nusu! Na hiyo ni hesabu ya kitu halisi, kilichotoka kiwandani kikiwa kimekaguliwa, siyo cha elfu thelathini na tano kilichovalishwa nembo. Ongeza vumbi la kwenye banda na hewa ya chumvi ya bahari inayokula kila chuma kuanzia Mapinga hadi Bagamoyo mjini.

Kwa hiyo yule dogo hakuharibu pedi. Pedi ilifika mwisho wa safari yake ikiwa mkononi mwake. Kumtoza ni sawa na konda kumdai abiria wa mwisho hela ya tairi kwa sababu limepasuka yeye akiwa ndani.

Pedi ikidondoshwa kwa hasira au ikimwagiwa soda, hiyo ni habari nyingine, na alama zake zinaonekana. Ila ya kuvuta yenyewe ni gharama ya biashara. Mwenye banda anaiweka kwenye hesabu pamoja na LUKU na kodi ya pango.

HAWA WENYE MAJINA YA AJABU WAMEFANYA NINI

Hapa ndipo staa wa mjini anapoumbuka.

Ipo njia nyingine ya kutengeneza stiki. Badala ya kitu kusugua kitu, chini ya stiki inawekwa sumaku, na pembeni yake sensa inayosoma sumaku imesogea wapi. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna njia ya kaboni ya kulika. Zinaitwa sensa za Hall, kutokana na Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879. Wala si mambo mapya kwenye gemu. Sega aliitumia kwenye pedi ya Dreamcast, mashine iliyotoka mwaka 1998, kabla madogo wa Mapinga hawajazaliwa.

Wenye nembo kubwa waliiacha. Walioirudisha na kuifanya iwe ya bei inayosemeka ni haya haya makampuni ya majina mageni. GuliKit, GameSir, 8BitDo. GameSir G7 SE, kwa mfano, ni pedi ya waya yenye ruhusa rasmi ya Xbox, inaingia pia kwenye kompyuta, na stiki zake ni za sumaku. Nacon Revolution 5 Pro ya PS5 nayo ni ya sumaku, ingawa hiyo bei yake ni ya wenye sebule za meza za kioo.

Maana yake ni kwamba ile pedi nyeupe ya kwenye picha, aliyoitumia kuwadharau wengine, kwenye jambo hili moja la stiki iko nyuma ya pedi aliyoiita ya ajabu ajabu. Si kwenye kila jambo, la hasha. DualSense ina mtetemo mzuri na batani za nyuma zinazobadilika ugumu kulingana na gemu, hilo hakuna wa kubisha. Lakini kwenye kitu kinachoua pedi nyingi kuliko vingine, wageni wamempita mwenyeji.

Na sumaku isigeuzwe dini. Pedi ya sumaku nayo inakufa. Raba za batani zinachoka, betri inalegea, tundu la chaji linalegea, waya unakatika shingoni. Anayekwambia ukinunua ya sumaku umemaliza maisha yote naye ana lake jambo. Ila angalau ule ugonjwa wa beki kutembea mwenyewe umeukata kwa kiasi kikubwa.

MUUZAJI WA "INAINGIA KOTE"

Kuna aina ya pili ya muuzaji, na huyu ni hatari kwa mtu anayetaka kufanya mambo kwa akili. Huyu anauza pedi halali kabisa, ila hajui au hataki kusema inaingia wapi. Kila swali jibu lake ni moja: "Inaingia kote, bosi."

Kijana mmoja wa Kiharaka, mtu wa kusoma kabla ya kununua, aliangalia video, akasikia 8BitDo zinasifiwa, akaagiza moja. Ilipofika akaiunganisha na PS4 ya kaka yake. Kimya. Akajaribu kwa waya. Kimya. Muuzaji akamwambia labda PS4 yake mbovu. PS4 haikuwa mbovu. Ile pedi ilikuwa ya kompyuta, simu na Nintendo Switch, na ingeonekana hivyo kwenye boksi lake kama kuna mtu angempa nafasi ya kulisoma kabla ya kutuma hela. Mtaa ukapata ushahidi wake: "Si tulikwambia hizo za ajabu ni mbovu?" Pedi nzima, sifa ikaharibika kwa mdomo wa muuzaji.

Mambo yenyewe yako hivi, na muuzaji yeyote wa kweli anapaswa kuyajua kama muuza viatu anavyojua namba.

Kwenye PS4, salama ni DualShock 4 yenyewe, au pedi ya kampuni nyingine iliyoandikwa wazi kwamba ni ya PS4. Hori na Nacon wametoa za waya zenye ruhusa rasmi ya Sony, kama ile ndogo ya Hori na ile Compact ya Nacon. Hizo faida yake si sumaku. Faida yake ni kwamba jina ni la kwao, ruhusa wanayo, na hazijifanyi kitu kingine.

Kwenye PS5 uwanja ni mwembamba. Gemu za PS5 zenyewe hazipokei pedi ya PS4. Ile ya PS4 inakubalika ukicheza gemu ya PS4 ndani ya PS5, basi. Kwa hiyo anayekuuzia pedi ya PS4 akisema itakutosha kwenye PS5 anakuuzia nusu ya ukweli. Mwenye PS5 hapo ndipo DualSense halisi ina haki ya kusifiwa, au ya kampuni nyingine yenye ruhusa ya PS5.

Kwenye Xbox, tangu Novemba 2023 Microsoft walianza kuvizuia vifaa visivyo na ruhusa yao. Unachomeka, mashine inakuletea hitilafu 0x82d60002, na pedi yako imekuwa pambo la kabati. Tafuta iliyoandikwa kwamba imetengenezwa kwa ajili ya Xbox, na usome boksi kwa macho yako.

Kwenye kompyuta ndiko kwenye uhuru. Gemu nyingi za sasa za Windows zinatarajia lugha moja inayoitwa XInput, iliyokuja na Xbox 360 ya mwaka 2005. Pedi ya Xbox inaijua, na nyingi za 8BitDo na GameSir zinaijua. Ya PlayStation haiijui moja kwa moja, mara nyingi unapitia Steam au programu kama DS4Windows. Kwa mwenye laptopu na hela ya kuunga unga, pedi ya jina geni yenye stiki za sumaku ndiyo chaguo la kwanza, na anayecheka na acheke.

WANAOSEMA "FEKI NAYO INACHEZA"

Utetezi mkubwa wa mtaani ni huu: hali ngumu, orijino ni bei, feki nayo si inacheza?

Inacheza, ndiyo. Hata kandambili iliyofungwa waya inatembea. Swali ni inacheza kwa muda gani, na ni nani anayelipa ikikata. Mara nyingi zile za kuigiza hukuti kitambuzi cha kuinamisha pedi, lile eneo la kugusa la katikati linabonyea tu bila kujua kidole kiko wapi, na tundu la hedifoni liko kama dirisha la kuchora. Umelipia nembo, vitu vyake havipo.

Na hoja ya hali ngumu ndiyo inayowasuta wenyewe. Mwenye hela nyingi akipigwa elfu thelathini na tano anasonya, anaagiza nyingine. Mwenye banda la mabati akipigwa laki na arobaini anabandika karatasi ukutani. Kwa hiyo anayehitaji zaidi pedi isiyodanganya ni huyu wa hali ngumu, si yule wa sebuleni.

Wengine watasema mbona hata hayo majina mageni yataigwa. Kweli, yakipendwa yataigwa. Ndiyo maana hoja hapa si kuhama kutoka kuabudu nembo ile kwenda kuabudu nembo hii. Hoja ni kupima kitu mkononi.

PIMA KABLA YA KULIPA

Hili halina gharama. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika joy.cpl, chagua pedi, fungua sifa zake. Utaona alama ndogo ya msalaba ndani ya mraba. Zungusha stiki hadi mwisho pande zote, halafu achia. Msalaba unatakiwa kurudi katikati na kutulia. Ukitetemeka au ukibaki pembeni, rudisha pedi, usisikilize hadithi. Bonyeza batani zote moja moja, kila moja iwake na kuzimika. Kama duka lina PS4, ingia kwenye mechi, achia kila kitu, hesabu hadi thelathini. Mchezaji akisogea, na wewe sogea uende duka lingine.

Muuzaji anayekataa pedi isipimwe kashakujibu. Na anayesema orijino, mwambie aandike neno hilo kwenye risiti na muhuri wake. Utaona wengi wanavyokumbuka ghafla kwamba ile ni "kopi grade A". Kopi ni kopi, hakuna daraja la heshima kwenye uongo.

Kwa waliokwisha kupigwa, bidhaa za kughushi nembo zina mwenyewe wa kuzishughulikia nchini: Tume ya Ushindani, kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Risiti, picha za posti na ujumbe wa malipo ni ushahidi. Watu wanalalamika kwenye magrupu ya WhatsApp, malalamiko yanazama kati ya meme na matangazo ya viwanja. Ipelekwe panapohusika.

KWA WENYE MABANDA

Hawa wasisubiri staa wala serikali. Zile DualShock 4 halisi zilizochoka, ambazo wengi wametupia kwenye boksi chini ya meza, zisitupwe. Stiki inabadilishwa. Kila stiki imeshikwa na nukta 14 za kuchomelea kwenye bodi, kazi ambayo fundi simu mwenye mkono uliotulia anaiweza. Zipo stiki mpya za kawaida, na zipo za sumaku zinazotoshea mle mle, ingawa zikishawekwa zinahitaji kusawazishwa ili zijue katikati ni wapi. Pedi moja halisi iliyorudishiwa uhai inawashinda ndugu wanne wa elfu thelathini na tano.

Hesabu ya kawaida tu: kwenye kila mechi ya jero, hamsini iingie kopo la pedi. Mechi mia mbili ni elfu kumi, yaani ile ile faini, bila mtoto wa mtu kufagia banda. Na ile karatasi ya ukutani ibanduliwe. Anayetaka kuadhibu wanaobamiza pedi kwa hasira aandike hivyo hivyo: anayebamiza analipa. Anayecheza tu hana kosa.

Kuhusu staa wa mjini, hakuna anayemwomba afiche pedi yake nyeupe. Ni yake, kainunua, aifurahie. Kinachoombwa ni kwamba siku nyingine akitaka kuwafundisha watu cha kuonea aibu, awaambie waione aibu ya kuuza kitu kwa jina la mtu mwingine. Pedi iliyoandikwa jina lake halisi, hata kama jina hilo linauma ulimi kulitamka, ikiharibika unajua wa kumlaumu. Yule wa mzigo wa Dubai, wiki iliyopita kabadilisha namba ya simu na jina la ukurasa. Kaanza upya, picha zile zile, boksi zile zile, ORIJINO ASILIMIA 100. Na kuna mtu wa Kerege kashatuma hela.

Wadau, pedi yako imeandikwa nini, na imedumu muda gani? Dondosheni hapo chini, bila matusi.